Amina Isiyoitikiwa

Nilikuwa nimevua kofia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilisimama ukingoni mwa mlango wa tumbo la meli, gatini Mbaraki, jua la saa tatu asubuhi likinichoma utosini, na kofia nimeibana kifuani kwa mikono miwili kama mtu aliye kanisani. Chini yangu, kina cha mnazi mzima, walikuwako watu watano wa kikosi chetu. Wanne walikuwa wamepiga magoti juu ya magunia, vichwa vimeinama. Wa tano alikuwa kaka yangu. Yeye alisimama ameikumbatia ngazi ya chuma, paji la uso limegusa kipago cha kukanyagia.

Hakuna aliyetikisika. Mwanga uliingia kwa upenyo mmoja tu, na ndani ya mwanga ule vumbi lilikuwa limesimama, halipandi wala halishuki. Sijapata kuona vumbi likisimama vile. Ilipanda harufu tamu ya mafuta yaliyochacha, basi. Sauti hakuna. Nasi tuliokuwa juu tulinyamaza ili tusiwaharibie maombi. Hata mwendesha winchi alizima mtambo wake. Tukawasubiri kwa adabu.

Walikuwa wanakufa, au wameshakufa, nasi tunawangoja wamalize.

Naandika haya kwa sababu wazee wa kanisa letu wanataka kutundika ubao. Nimeuona kwa seremala, mvule mzuri, umepigwa msasa. Yatachongwa majina ya wale watano, na chini yake maneno kwamba walilala wakiwa katika maombi. Wamenitaka mimi, kwa kuwa ni ndugu wa mmoja wao, nilivute lile pazia litakaloufunika, siku ya ibada. Nikasema nitafikiri. Nimefikiri. Mimi sikusoma sana, niliachia darasa la nne, lakini kuandika kile nilichokiona kwa macho yangu naweza. Majina siyaandiki. Ninaowasema wanajijua, na waliokuwako wanawajua.

Ilikuwa miaka ile ya vita kubwa ya pili, meli zimejazana bandarini zikingoja zamu kama watu kwenye bomba la maji. Kaka ndiye aliyenileta Mombasa kutoka milimani kwetu. Tulikuwa tukilala Majengo, chumba kimoja, yeye kitandani na mimi mkekani. Alikuwa kuli wa miaka mingi, na alipendwa gatini kwa jambo moja. Alikuwa mwimbishaji.

Hapa lazima nieleze, maana siku hizi desturi ile imepungua. Makuli walipokuwa wakishuka ngamani, yaani mle ndani ya tumbo la meli, walikuwa hawashuki kimya. Wa kwanza akikanyaga ngazi anaanza wimbo, walio juu wanaitika. Anashuka wa pili, anadakia. Hivyo hivyo mpaka wote wafike chini na kulabu zianze kuvuta magunia. Nyimbo zenyewe hazikuwa za kumwimbia mama yako. Zilisema wanawake, zilisema wali mbichi wa kambini, na zaidi zilimsema mnyapara. Kaka alitunga mmoja juu ya viatu vya mnyapara wetu, kwamba vinalia njiani kuliko mke aliyenyimwa leso. Kikosi kizima kilikuwa kikishuka na wimbo huo, na mnyapara mwenyewe amesimama pale, viatu miguuni.

Mnyapara huyo alikuwa mtu wa kwetu, na alikuwa mzee wa kanisa. Nitasema haki yake. Hakuwa mlevi, hakula rushwa ya mtu aliyetafuta kazi, na mgonjwa alimtembelea. Alipopata wokovu, katika ule uamsho uliokuwa ukipita huku na huku miaka ile, alikusanya Wakristo wa bara waliotawanyika katika vikosi vingine akawafanya kikosi kimoja. Na jambo la kwanza alilofanya ni kupiga marufuku nyimbo.

"Kinywa kinachopokea meza ya Bwana," alituambia, "hakiwezi kuimba uchafu siku ya pili yake."

Badala yake akaweka desturi yake. Watakaotangulia kushuka washuke kimya. Wakifika chini wapige magoti waombe, kila mtu moyoni mwake. Sisi wa juu tuvue kofia. Akiona muda umetosha, yeye kutoka juu anasema "Amina", nao kutoka chini wanaitika "Amina", na kazi inaanza.

Watu wa vikosi vingine walitucheka sana. Tukipita walikuwa wakisema, "Wapisheni mabubu, wakazike." Mwingine anajibu, "Usiwaite mabubu, wanaongea na aliye juu, wewe humsikii?" Nami nilijivuna. Nilikuwa kijana, nimebatizwa juzi, nikaona sisi ndio chumvi ya bandari ile.

Kaka alitii mchana, lakini chumbani aliendelea kuimba. Siku moja akiosha miguu aliuongezea ule wimbo wa viatu ubeti mpya, nami nikaenda nikamwambia mnyapara. Ndiyo, mimi. Jumapili ile kaka alisimamishwa mbele ya watu, akaomba msamaha, na mzee akaomba kwa machozi kwamba Bwana amvunje ndugu huyu, amwangushe chini, ainuke mpya. Watu wote wakasema amina. Nilisema kwa nguvu kuliko wote.

Njiani kurudi kaka hakunipiga. Alitembea mbele, kisha akageuka. "Wewe, mdogo wangu, hata ukifika mbinguni utawasema malaika."

"Nilikusema kwa wema, kaka."

"Najua. Ndiyo maana inauma."

Sasa nirudi kwenye siku yenyewe. Meli ilikuja na mbata, zile nazi zilizokaushwa za kukamuliwa mafuta. Ilikuwa imepigwa na mvua siku nyingi baharini, na kwa sababu ya mvua mlango wa ngama ulikuwa umefungwa mbao na turubai juu yake, kabari pande zote. Sikujua wakati ule, sasa najua, kwamba mbata yenye unyevu ikifungiwa hivyo hula hewa yote ikaimaliza. Haina moshi. Haiwashi macho. Mtu anaingia kama anavyoingia chumbani kwake.

Karani wa gatini, mwembamba, kalamu sikioni, alikuja asubuhi akaongea na mnyapara pembeni. Sikuyasikia maneno. Nilimwona karani akionyesha baharini, ambako meli nyingine ilikuwa ikingoja gati letu. Kisha mnyapara akaja, akaamuru mbao mbili ziondolewe. Mbao mbili tu, na mlango ule ulikuwa na mbao nyingi. Akachagua watano wa kutangulia. Kaka alikuwa wa mwisho kuchaguliwa.

"Na wewe," mzee akamwambia. "Leo ukaombe kweli."

"Nitaomba unipe viatu vile ukivichoka," kaka akamjibu, na wachache wakacheka chinichini. Mimi nilikunja uso.

Walishuka mmoja mmoja. Niliwaona wakiingia katika kile kiza, kichwa kikiwa cha mwisho kupotea, kama watu wanaoingia majini polepole. Kaka alipofika karibu na chini alipiga chafya mara moja. Hiyo ndiyo sauti ya mwisho niliyosikia kwake.

Ikawa kimya. Tukavua kofia.

Mimi nimeyapima mawazo yangu ya dakika zile mara nyingi mno, na nitayasema yalivyo. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba leo wametulia vizuri. Siku nyingine ulikuwa ukisikia mtu akikohoa, akisogeza goti, gunia likilia. Siku ile hapana. Nikaona uzuri. Nikasema moyoni, hii ndiyo ibada.

Mnyapara akasema, "Amina."

Hakikuja kitu. Si neno, si mnong'ono. Alingoja, akasema tena, kwa upole, kama mtu anayemwamsha mtoto. "Amina." Chini kimya kile kile. Akatugeukia, na uso wake uling'aa. Akasema, "Leo wana mzigo wa maombi. Waacheni."

Ndipo kaka alipoachia ngazi. Hakuanguka kama mtu anayeanguka. Mikono ilifunguka kwanza, kisha magoti, akateremka kando ya ngazi taratibu, akalala ubavu juu ya magunia kama mtu anayejigeuza kitandani. Vumbi la pale alipolala liliinuka kidogo, likasimama.

"Mzee," nikasema, "kaka ameanguka."

"Hajaanguka. Ameshukiwa na Roho." Machozi yalikuwa yakimtiririka, na si ya huzuni. "Si ndivyo tulivyomwombea? Mwache Bwana amalize kazi yake."

Nami nilifurahi. Sikufurahi kwa muda mrefu, lakini nilifurahi. Nilisimama juu ya kaka yangu anayekata roho, nikamshukuru Mungu.

Aliyevunja kimya kile hakuwa wa kwetu. Alikuwa mwendesha winchi, Mswahili wa Mji wa Kale, Mwislamu, mtu mzima. Alikuwa amengoja na sisi kwa heshima, kwa kuwa watu walikuwa wakiomba. Kisha alikuja ukingoni akachungulia, akakaa hivyo kidogo, akasema kwa sauti ndogo, "Nyinyi. Wale hawapumui."

Nilikwisha kanyaga ngazi. Nilishuka vipago vitatu, vinne, sikumbuki. Nakumbuka masikio yalijaa uvumi kama wa kombe la pwani lililobanwa sikioni. Sikusikia uchungu wowote. Nilisikia usingizi, usingizi mtamu wa baada ya kula, na nikawaona wale wanne kwa karibu zaidi. Midomo yao ilikuwa wazi kidogo, wote kwa namna moja, kana kwamba wanataka kuitika. Kisha ukosi wa shati ukanikaba. Mwendesha winchi alikuwa amelala kifudifudi juu, amenishika.

"Wewe wendapi?" akasema. "Huko hakuna pumzi. Wataka mamako alie mara mbili?"

Walizitoa mbao zote, wakatega turubai la kushusha upepo, na hakuna aliyeruhusiwa kushuka mpaka adhana ya adhuhuri imekwisha kulia mjini. Wale watano walipandishwa kwa wavu wa mizigo. Wawili walikataa kunyooka magoti. Wakalazwa pale gatini ubavu, bado wamepiga magoti, na watu wa vikosi vingine, wale waliokuwa wakituita mabubu, walipita kando kando bila kusema neno.

Mimi nilitumwa mtaa wa maduka ya leso nikanunue bafta nyeupe ya sanda. Mwenye duka alikuwa Mhindi Mwislamu, mzaliwa wa hapa hapa, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Alikuwa amekwisha kusikia. Habari ya Mbaraki ilifika mjini kabla ya mimi. Alipima nguo, akanipa pole, akauliza ilikuwaje. Nikamweleza.

"Nyumbani kwa babangu Mji wa Kale mna kisima uani," akasema. "Kila kabla ya masika huja fundi kuzoa tope. Akishuka, hatumwachi anyamaze. Aimba, atukana, ahesabu, lolote, nasi twamjibu. Akinyamaza twavuta kamba papo hapo. Mwingine hufika juu akitugombeza, 'Nilikuwa nanywa maji.' Twamwambia, kunywa juu." Akakata. Kisha mkasi ukasimama katikati ya nguo. "Nanyi mliwasemesha nini?"

"Hatukuwasemesha. Walikuwa wakiomba."

"Mlijuaje kama waomba?"

Nikaanza kuhesabu pesa za bafta. Akamaliza kukata, akaifunga bafta kwa uzi, na hakuniuliza zaidi. Lakini nilipotoka dukani nilikuwa nimeelewa. Zile nyimbo chafu zilikuwa kamba. Mtu aliyeimba wimbo wa viatu alikuwa akisema, nipo, napumua, na aliyeitika alikuwa akisema, nimekusikia. Tuliikata kamba ile kwa jina la utakatifu, na mimi nilishika upande mmoja wa kisu.

Mazishini padre alihubiri kwamba Bwana aliwakuta watumishi wake magotini, na ni mauti gani bora kuliko hayo. Hakuuliza mtu yeyote ilikuwaje. Nadhani hakutaka. Mama yetu alipoletewa habari milimani aliambiwa hivyo hivyo, na zilimtosha, akafa nazo. Ofisini waliandika ajali. Mnyapara akaanza kuitoa habari ile kama ushuhuda, kanisa hili na lile, na kila mwaka inakuwa nzuri zaidi. Siku hizi husema walikufa nyuso zao ziking'aa. Nyuso zilikuwa na rangi ya majivu. Nilizifuta mimi.

Tangu hapo sikuomba tena nimefumba macho. Kanisani, kasisi akisema tunyamaze mbele za Bwana, mimi naangalia migongo. Safu baada ya safu, vichwa vimeinama, mikono imetulia, na kila mara kuna kitambo ambapo sioni shati lolote likipanda. Nangoja. Mtu akikohoa ndipo namshukuru Mungu, na hiyo ndiyo sala yangu nzima. Mke wangu amejifunza kuomba kwa sauti. Mwanzoni alikuwa akipiga magoti kando ya kitanda kimya, nami nilikuwa nikimgusa bega, mara moja, mara mbili, mpaka akasema, "Mume wangu, niache niongee na Mungu." Nikamwambia ongea, lakini nisikie.

Nimefikiri sana juu ya yule ndugu wa Bethania aliyelala kaburini siku nne kabla Bwana hajamfufua. Nimesomewa habari hiyo mara nyingi, na wahubiri wote hukimbilia pale alipotoka. Mimi husimama kabla. Bwana alipofika hakuanza kwa sala. Kwanza aliwaambia watu waondoe jiwe. Dada wa maiti akamwonya juu ya harufu, naye akashikilia, jiwe liondoke. Lilipoondoka ndipo akainua macho akaomba. Yeye aliyekuwa na uwezo wote alitaka mlango uwe wazi kwanza, na kazi hiyo aliwaachia watu wenye mikono. Sisi tuliondoa mbao mbili tukamwachia Mungu zilizobaki. Hiyo si imani. Ni kumtwisha Mungu kazi ya kuli.

Haya ningeweza kuyabeba na kunyamaza, kama ingekuwa ni kutojua tu. Nilidhani sote hatukujua. Lakini miaka michache iliyopita niliitwa Tudor, nyumbani kwa yule karani wa gatini. Alikuwa mgonjwa wa kifua, amekaa kwenye kiti cha kamba barazani, mwembamba zaidi, na kila pumzi ilimgharimu. Nilikaa naye mchana kutwa, na hakuanza mpaka alipomtuma mkewe dukani.

"Asubuhi ile," akasema, "baharia wa meli aliniambia turubai la ngama limeondolewa sasa hivi tu. Tungoje mpaka adhuhuri, na mbao zote zitoke. Nikamwambia mnyapara wenu vile vile nilivyoambiwa."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Nikamwambia pia mabwana wanalitaka gati. Yote mawili nilimwambia, kwa mdomo mmoja." Alipumzika. "Akanijibu, watu wangu hawaingii peke yao, wanaingia na Bwana. Nami nilifurahi aliposema hivyo, ndugu yangu. Ilinipa nafasi ya kwenda zangu."

Nilimwambia nimemsamehe. Sijui kama ni kweli, lakini alikuwa ameyasema, na kwa pumzi ile aliyokuwa nayo halikuwa jambo dogo.

Kutoka Tudor nilikwenda moja kwa moja kwa mnyapara. Ni mzee sasa, anaheshimiwa, watoto humwamkia njiani. Nilimweleza aliyoyasema karani, nikamuuliza ni kweli au si kweli. Akanitazama sana. Kisha akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, tuombe." Akafumba macho. Akanyamaza.

Alikaa hivyo. Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga, na nje wanawake walikuwa wakiteta juu ya maji. Mkono wake katika wangu ulikuwa baridi na mkavu. Nilitazama kifua chake, nikaona kinapanda na kushuka, vizuri kabisa, pumzi ndefu za mtu mwenye afya. Nikautoa mkono wangu nikatoka, naye hakufumbua macho.

Basi hili ndilo jibu langu kwa wazee. Sitalivuta pazia. Na ubao ule hautapanda ukutani na neno "maombi" juu yake mpaka aulizwe yule aliyelileta neno hilo. Padre amuulize, ingawa padre wa wakati ule hakuuliza. Wazee wamuulize, mbele ya wake wa marehemu walio hai na watoto waliokua bila baba. Asiseme ni mapenzi ya Mungu. Si Mungu aliyehesabu zile mbao. Asitoe ushuhuda, asianze kwa sala, asimshike mtu mkono. Nitasimama baada yake niseme la kwangu: kwamba nilimsema kaka yangu, na kwamba nilifurahi. Siombi kusitiriwa.

Lakini wa kwanza ni wewe, mzee. Ulikuwa na watu watano, ukaambiwa ungoje mpaka adhuhuri. Uliambiwa, au hukuambiwa? Jibu kwa sauti, macho wazi, sote tukusikie.